Tope Lililovuka Daraja la Tana

Kwa siku arobaini Nunow Korane alikwenda kazini akakaa mbele ya chupa ya soda. Haikuwa na soda. Ilikuwa chupa tupu ya lita mbili, aliyoitia maji nusu na kuifunga kwa waya ubavuni mwa tangi kubwa la zege, nyuma ya kiwanda cha maziwa ya ngamia hapo Garissa. Mpira mwembamba ulitoka juu ya tangi ukazama ndani ya maji ya chupa. Tangi likiwa hai, hewa yake hupita kwenye mpira na chupa hutoa mapovu. Tangi likifa, chupa hukaa kimya. Na siku zote hizo ilikaa kimya, naye mtu mzima wa miaka hamsini na sita, ndevu zake zimekolea hina, aliikodolea macho asubuhi hadi alasiri.

Wasichana wanaoosha mitungi walimtania. "Adeer, leo imekuambia nini?" Adeer ni baba mdogo, na hapa kila mzee ni adeer wa mtu. Nunow alitabasamu tu. Wangejua kilichokuwa kinangojewa ndani ya chupa ile, wasingecheka.

Kiwanda kinaosha mitungi na mabomba kutwa nzima, na maji yake hutoka na mabaki ya maziwa, mafuta na sabuni. Yakimwagwa hivyo hivyo yanaoza, na uozo wa maziwa ni uozo usio na heshima kwa mtu yeyote. Ndiyo maana kulijengwa tangi. Ndani yake huishi vijidudu visivyotaka hewa, vinakula yale mafuta na sukari, vinatoa gesi, na maji yanayobaki hupita mabwawa mawili hadi kwenye shamba la majani ya mbuzi. Nunow ndiye aliyeajiriwa kuvilinda vijidudu hivyo. Halafu siku moja, wakati yeye yuko matangani, mtu alimwaga pipa zima la soda kali ya kuoshea mabomba kwenye mfereji, likaingia tangini, na kila kilichokuwa hai humo kikafa.

Harufu ilitoka ikaingia majumbani. Watu walikula wamefunga madirisha, na kwa joto la Garissa hilo si jambo dogo. Mkaguzi alikuja akiwa amejifunga kitambaa puani, akatoa siku sitini. Baada ya hapo maji yakiwa bado yananuka, kiwanda kinafungwa. Shamso, mwenyekiti wa wanawake wanaoleta maziwa, mama mrefu mwenye sauti ya kuita ngamia, alimfuata hadi mlangoni pa gari. "Wewe nafunga sisi, haya, tutakula nini? Hii maziwa iko safi, uliza mtu yeyote!" Mkaguzi alisema maziwa hayana kosa. Kosa lilikuwa la maji.

Kabla ya kiwanda, wanawake wale walikaa na madumu yao ya manjano kando ya barabara, na maziwa yaliyobaki adhuhuri yalimwagwa mchangani. Hakuna aliyetaka kurudi huko. Wote waliamini Nunow atafufua tangi, kwa sababu walisikia kwamba alifanya kazi miaka mingi Nairobi katika kampuni ya maji.

Hapo kwenye kampuni ya maji ndipo penye kidonda chake. Maji yalikuwepo, ni kweli. Hivyo ndivyo watu wazima wanavyodanganya, wanachagua nusu iliyo safi. Kwa miaka kumi na saba Nunow alifanya kazi katika kiwanda cha bia. Hakuwahi kuonja bia, hakuwahi hata kushika chupa iliyojaa. Alikaa nyuma kabisa, nje ya ukuta wa pili, ambako maji ya kuoshea mapipa, yamebeba mabaki ya shayiri, hamira na bia iliyomwagika, yaliingia kwenye matangi marefu yakatoka yakiwa yamepungua ubaya. Alianza akiwa mfagiaji, akamaliza akiwa mtu wa kuitwa wahandisi wakikwama. Alikuwa akinusa tu maji na kusema, leo tangi limeshiba mno, lipunguzieni chakula. Na kweli likawa limeshiba mno.

Nyumbani hakumwambia mtu. Alioa kwa mshahara ule, akamsomesha binti yake Ifrah, akampeleka mama yake Hija. Mama alirudi na maji ya Zamzam, akaitwa Hajja miaka mitano, akafa. Nunow hakuwahi kumuuliza shehe yeyote kama kazi ile ni halali. Aliogopa kujibiwa.

Sasa, siku zikiyoyoma, Abdinasir, meneja wa kiwanda, kijana aliyesoma na mwenye haraka ya kila kitu, alikuja kusimama kando yake mbele ya chupa.

"Adeer, samadi ya ng'ombe tumetia mara mbili. Haishiki. Sasa?"

"Liko tope linaloshika," Nunow alisema. "Punje nyeusi, ndogo kama mtama. Hizo ni vijidudu vimeshikana. Ukizileta zikiwa hai na kuzilisha polepole, baada ya wiki tatu kasoro maji yatakuwa yanatoka safi."

"Zinapatikana wapi?"

Nunow akamwambia. Abdinasir alikuna kichwa, akatazama huku na huku.

"Mimi sijasikia," akasema. "Lete."

Bwana mmoja wa zamani kule kiwanda cha bia alimkubalia tope kwa ajili ya urafiki, mara moja tu, kwa sababu na wao wana kazi nalo. Nunow akarudi nalo ndani ya gari la kunyonya maji taka, amekaa kando ya dereva, njia nzima ya Thika, Mwingi na Bangale akimsihi asiende kasi, kwani punje zile zikipondwa hazifai tena. Pale Madogo, kabla ya kuvuka daraja la Tana, askari aliinama dirishani.

"Mmebeba nini?"

"Mavi," dereva alijibu.

Askari aliruka nyuma na kuwapungia mkono wapite. Nunow alicheka mpaka akafuta machozi. Maskini, kilikuwa kicheko chake cha mwisho kwa muda mrefu.

Walilimimina tope Jumamosi. Akalilisha kidogo kidogo, maji ya maziwa ndoo tano, kisha kumi. Jumatatu asubuhi povu moja lilipanda ndani ya chupa, likapasuka. Likafuata la pili. Hadi saa nne chupa ilikuwa inachemka mfululizo, na Nunow alisujudu pale pale kwenye mchanga, akasema alhamdulillahi kwa sauti. Aibu yake ya miaka kumi na saba, aliona, hatimaye imepata kazi ya kuwafaa watu wake. Alitaka sana jambo lile. Sijui kama kuna kitu kingine alichowahi kukitaka hivyo.

Lakini dereva, kabla ya kurudi Nairobi, alikuwa amekaa hotelini akala wali na nyama ya mbuzi, na tumbo lilipojaa ulimi ukalegea. "Nimewaletea machicha ya bia," aliwaambia waliokaa naye, huku akicheka. "Ngamia wenu sasa watalewa." Aliona ni mzaha. Wenzake hawakucheka, na yeye aliwasha gari akaenda zake.

Jumatatu hiyo hiyo alasiri Shamso alifika kwenye tangi, safari hii sauti yake iko chini.

"Walaal, ndugu yangu, nitakuuliza kitu, nawe usinifiche. Ni kweli tope hili limetoka kwenye pombe?"

"Limetoka kwenye maji ya kuoshea. Haligusi maziwa, Shamso. Maziwa yako huku, tope liko kule, katikati kuna ukuta."

"Mimi nakuelewa. Mnunuzi atanielewa? Tayari mmoja ameniambia maziwa ya mwaka huu yana harufu." Akashusha pumzi. "Nimekwenda kwa Shehe Aden. Amesema asiulizwe harakaharaka, anataka kutazama vitabu vyake. Atatoa jibu Ijumaa baada ya swala. Mpaka Ijumaa, kila mtu atulie."

Shehe Aden alikuwa mtu wa kupima maneno, na ombi lake lilikuwa dogo, siku nne tu. Mji mzima ungeweza kungoja siku nne. Mtu mmoja hakuweza.

Jumanne asubuhi Saado alimtengea mumewe chai ya rangi. Katika nyumba ya Kisomali, chai isiyo na maziwa mbele ya mume mzima ni barua tosha. Saado hakuwa mwanamke wa makelele. Mwaka wa mafuriko makubwa, Tana ilipoingia mitaani na visima vikajaa uchafu, yeye ndiye aliyefundishwa kutia klorini, akazunguka na kijiko na ndoo, kisima baada ya kisima, mpaka kipindupindu kikawaacha. Hadi leo wanawake wanamwita daktari wa visima. Alipenda kitu kiwe safi, na alijua kukisafisha.

"Baba Ifrah," akasema, "ile kampuni ya maji ilikuwa inauza maji gani?"

Nunow aliweka kikombe chini.

"Nilisafisha maji yao. Sikugusa kitu chao kingine."

"Miaka kumi na saba."

"Kumi na saba."

"Hooyo, mama yako, alizunguka Kaaba kwa pesa ya kazi hiyo."

"Ndiyo."

"Akafa hajui."

"Akafa hajui," Nunow alisema.

Saado alitazama mikono yake. Angepiga kelele ingekuwa nafuu. "Na hukutosheka," akasema polepole. "Umekwenda ukalifuata, ukalileta mpaka hapa, karibu na maziwa ya watoto wa watu."

"Ni vijidudu, Saado. Havijui bia wala maziwa. Vinakula kilichowekwa mbele yake."

"Navyo vimelishwa bia miaka yote."

Nunow alikunywa chai ile ya rangi. Kisha Saado akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, maji yanaingiaje kwenye tangi. Nunow alifurahi, masikini wa Mungu. Alidhani sasa anaanza kumwelewa. Akachora kwa kidole kwenye mchanga wa ua: huu ni mfereji, hili ni shimo la kupokelea, hapa pana mfuniko wa chuma, mwepesi, hata wewe unaweza kuuinua, na hii ni pampu, inavuta kutoka shimoni kwenda tangini. Ilikuwa mara ya kwanza katika ndoa yao kumweleza kazi yake ya kweli, na aliieleza vizuri sana.

Alhamisi adhuhuri Nunow alikwenda kuswali, akala, akajinyoosha kidogo kivulini kama wanavyofanya wote saa ile, jua la huku halibishaniwi. Alirudi saa nane na nusu. Kabla ya kufika kwenye tangi alisikia harufu ya hospitali.

Alikimbia. Povu moja lilipanda ndani ya chupa. Alisubiri. Likaja jingine, dogo. Alisubiri tena, wala halikuja la tatu. Kwenye mdomo wa shimo la kupokelea palikuwa na unga mweupe, na kando yake mchanga mwembamba wa mtoni, ambao haupatikani kiwandani. Palikuwa na nyayo za ndala za kike. Na chini ya mfuniko wa chuma palikuwa na kifuniko cha ndoo, cha buluu, chenye karatasi ya mwaka wa mafuriko. Ndoo mbili za klorini za namna hiyo zilikuwa zimebaki nyumbani kwake, stoo, nyuma ya magunia ya mchele. Alizipita kila siku.

Alizima pampu. Alifungua maji ya bomba, akatia samadi, akatia maziwa, akajaribu kila alichofundishwa na kila alichojifunza mwenyewe. Jua likiinama alichota tope kwa kopo. Punje zilizokuwa nyeusi zilikuwa za kijivu, zinaelea, na alipozibonyeza zikawa uji. Alikaa chini akalia. Kisha akajifuta, akakisukuma kile kifuniko cha buluu ndani ya shati, akaenda nyumbani.

Saado alikuwa uani, ametumbukiza mikono katika beseni la maji. Uso wake ulikuwa mtulivu kuliko siku zote za wiki ile.

"Nimelitoharisha," akasema. "Nilikwenda watu walipolala. Ndoo saba za maji ya dawa, na ya kwanza nikaitia mchanga wa mto. Chombo alicholamba mbwa huoshwa mara saba, na moja kwa udongo. Nikasema najisi ya pombe haiwezi kuwa nyepesi kuliko ya mbwa. Nilisoma Bismillahi kila ndoo." Akamwinulia uso. "Sikuweza kungoja Ijumaa. Ungekufa kabla ya Ijumaa je? Nimelisafisha kwa ajili yako, Baba Ifrah. Sasa linaweza kufanya kazi yake, na wewe huna deni kwa Mungu."

Nunow alifungua kinywa. Alikuwa na maneno, na yalikuwa ya haki, na yangemwangusha pale alipokaa. Angeweza kumwambia kwamba ameua kitu pekee kilichokuwa kinawaokoa dada zake, na kwamba visima husafishwa kwa kuua, lakini tangi husafisha kwa kuishi. Kisha mikono ikatoka ndani ya beseni. Ilikuwa myekundu hadi kwenye vifundo, ngozi imetoka malengelenge, kwa sababu alikoroga ndoo zote saba kwa mkono, kijiko alikiona kidogo.

Aliingia ndani akaleta samli. Akampaka kidole kimoja kimoja.

Ijumaa baada ya swala Shehe Aden alisimama na karatasi. Alisema amefungua vitabu, na amempigia simu mwalimu wake Wajir. Tope lile halileweshi, halikuwahi kulewesha mtu, wala si pombe. Na kitu kikigeuka kikawa kingine, hukumu yake nayo hugeuka, kama vile pombe inayogeuka yenyewe ikawa siki. Maji yake yanywesheni majani, wala msiwasumbue wanawake hawa. Upande wa wanawake Shamso alitoa sauti ya shukrani. Nunow alikuwa amekaa safu ya nyuma. Aliweka paji la uso kwenye magoti.

Jioni ile Abdinasir alisimama mbele ya chupa iliyonyamaza.

"Adeer, nini kimetokea?"

"Nilikosea. Nilitia klorini kuua harufu, nikazidisha kipimo."

"Wewe?" Abdinasir alimtazama muda mrefu. "Wewe uliyemfukuza msichana kwa kumwaga kikombe cha dawa?"

"Mimi."

Zilikuwa zimebaki siku kumi na tano. Hata kule Nairobi wangekubali tena, nao hawakukubali, tope jipya lingetaka karibu wiki tatu kutulia. Siku ya sitini mkaguzi alikuja na kitambaa chake puani, akabandika karatasi langoni. Hakuna aliyemlaumu, alikuwa ameahidi hivyo tangu mwanzo. Nunow aliachishwa kazi asubuhi ile, mbele ya wasichana wa mitungi, na safari hii hakuna aliyemtania.

Wanawake wamerudi kando ya barabara na madumu ya manjano. Hadi adhuhuri maziwa yanachachuka, na mchanga wa pale una doa jeupe ambalo mvua pekee italiondoa, na mvua yenyewe haijulikani. Nunow hupita njia nyingine akienda msikitini. Wapo wasiomjibu salamu.

Mikono ya Saado ilipona, ikaacha mabaka. Asubuhi moja, akimtengea chai, ya maziwa, alikaa mbele yake.

"Niambie kitu. Mimi nilipolitia dawa, halikudhurika?"

Nunow alikuwa amedanganya miaka kumi na saba ili mke wake asione haya. Uongo ule ulimchosha kila siku aliyoubeba. Huu mwingine aliuona mzito zaidi, na aliubeba.

"Halikudhurika. Wewe ulitia kidogo. Mimi ndiye niliyezidisha baadaye."

Saado alimtazama, akatikisa kichwa. "Hapana. Hilo sikubali. Joto limelimaliza, au wale wa Nairobi walikupa bovu. Wewe hujakosea maji tangu nikujue. Jana nimegombana na Shamso sokoni, nimemwambia wazi, mume wangu hakosei maji. Hata dada yangu hasemi nami sasa, kwa sababu yako, na wala sijali."

"Waache waseme, Saado."

"Siwaachi."

Akasimama, akajitanda shungi, akafungua lango la bati kwa mikono ile yenye mabaka, akaenda sokoni kuwaambia tena.